Mtani Aliyerudisha Weusi wa Gari

Nilipokuwa mdogo nilipelekwa chuoni kwa mwalimu mmoja aliyekaa ng'ambo ya mto Mkondoa. Daftari hatukuwa nazo. Tulikuwa na mbao, na wino tulitengeneza wenyewe kwa masizi ya chungu na utomvu wa mti, unakoroga mpaka unashika. Mwalimu anakuandikia herufi juu ya ubao, wewe unazisoma mpaka zimekaa kichwani, halafu unaosha ubao na kuandikiwa nyingine. Mimi ubao wangu sikuwahi kuuosha kwa haki. Siku moja jua la mchana lilinilaza juu yake wino ukiwa mbichi bado, na nilipoamka alifu na be zote zilikuwa zimehamia shavuni. Nikaenda nyumbani hivyo hivyo. Mama alikuwa akitwanga. Akasimamisha mchi, akanitazama, akasema, "Haya, leo angalau elimu imekufika kichwani, hata kama ni kwa nje."

Sijui kwa nini nimeanzia huko, maana nilitaka kusimulia habari za gari. Masizi ndiyo yamenivuta.

Chuo sikumaliza. Shule ya serikali nayo nilifika darasa la pili, baba akaumwa mguu, shamba likakosa mtu, nikaishia hapo. Uhuru ulipokuja nilikuwa nakata mkonge upande wa Kimamba. Watu husimulia walivyocheza ngoma siku ile na walivyolia machozi bendera ikipanda. Mimi nilipewa siku ya mapumziko, na nilikuwa sijapumzika tangu mvua za masika, kwa hiyo nililala. Nasema kweli yangu. Niliamka jioni nikakuta nchi ni yetu na ubwabwa umekwisha.

Huko kwenye mkonge ndiko nilikojifunza trekta, na kutoka trekta nikapanda lori, kwa sababu dereva wa lori alikuwa mtu wa pombe na bwana mkubwa alihitaji mtu asiyeyumba. Kwa hiyo naweza kusema kwamba ulevi wa mwenzangu ndio ulionipa kazi. Namshukuru na yeye.

Halafu vikaja vijiji. Tulikusanywa kutoka vitongoji vinne, tukapangwa kwa mistari kama mahindi, kando ya barabara ya Masanze. Wengine walikuja wakiimba, wengine wamenuna. Mimi nilitoka kwangu na kuku sita nikafika na watano, na aliyemla wa sita namjua mpaka leo, ila amekwisha kufa, tumwache. Lakini nisiseme mabaya tu. Kijijini tulipata zahanati, tulipata kisima cha pampu, na mwaka uliofuata tukapata gari.

Gari lile lilikuwa la msaada. Lilitoka kwa marafiki wa nchi za nje, nchi gani sikumbuki, na maandishi yake ya mlangoni hakuna aliyeweza kuyasoma, hata mganga wa zahanati. Bati lake lilikuwa jeupe. Lakini bampa la mbele na la nyuma, mabawa yaliyofunika matairi, na mikanda ya milangoni vyote vilikuwa vya plastiki nyeusi, kitu ambacho sisi tulikuwa hatujakiona kwenye gari. Magari tuliyoyazoea mabampa yake yalikuwa ya chuma. Siku lilipofika, weusi ule uling'aa kama mtoto aliyetoka kuogeshwa na kupakwa mafuta, na wazee walipita wakiugusa kwa kidole kimoja kimoja.

Nikakabidhiwa mimi, kwa kuwa kijiji kizima dereva alikuwa mmoja. Nilipeleka wagonjwa na akina mama wajawazito Kilosa hospitali. Siku za gulio nilipeleka nyanya za kijiji Ulaya, hii Ulaya yetu ya jirani, si ile ya Wazungu. Mara moja moja nilikwenda Mikumi kuchukua mabati au saruji iliyoshushwa barabara kuu. Na jua la huku mnalijua. Miaka miwili ya jua na vumbi, ule weusi ukawa kijivu, kijivu kikaingia weupe, mpaka bampa likawa kama goti la mtoto ambaye mama yake kasafiri.

Hapo ndipo zilipokuja habari kwamba kuna mkaguzi atapita kuangalia mali za vijiji. Kijiji kitakachoonekana hakikutunza gari lake, gari litahamishwa. Tulisikia hadi jina la wanaosubiri tushindwe: walikuwa watu wa upande wa Magole, na inasemekana walikwisha kuchagua dereva.

Mwenyekiti wetu aliniita. Alikuwa mtu mfupi, mwenye haraka, na hakuwa mbaya; nataka hilo lijulikane kabla sijafika mbele.

"Ndugu dereva, injini ikoje?"

"Injini nzima, ndugu mwenyekiti. Breki nzima."

"Mkaguzi hafungui boneti. Boneti inachafua mikono. Mkaguzi anaanza kwa macho. Sasa hebu litazame gari lako kwa macho ya mkaguzi."

Nikalitazama. Nikaona aibu, kama mtu aliyeambiwa mkewe amepauka.

Nilianza na oili chafu ya injini. Lilimeta siku moja. Safari ya kwanza tu vumbi lote la barabara likashika pale, likawa gari lenye manyoya mekundu. Nikaliosha. Nikafikiri: mimi mwenyewe nikipauka napaka nini? Kwetu, mtoto akipata kifua, mzee akipasuka visigino, dawa ni mafuta ya mkia wa kondoo, yale wanayoyaleta wafugaji gulioni Ulaya kwenye vibuyu. Nikanunua kibuyu kimoja. Nikalipaka gari mbele na nyuma, nikasugua kwa kiganja, na naapa lilipendeza. Kesho yake nikaenda Mikumi kuchukua saruji. Saruji ikachelewa, nikalala kwa askari mmoja wa mbugani niliyefahamiana naye, na gari nikaliegesha nje ya nyumba yake.

Asubuhi nikakuta bampa la nyuma halina kona. Imetafunwa. Alama za meno zimepangika kama mtu anayekula muhindi.

Askari akatoka na mswaki mdomoni. Akainama, akanusa, akainuka.

"Umepaka nini hapa?"

"Mafuta ya kondoo."

"Na umekuja kuliegesha Mikumi."

"Ndiyo."

"Bwana wee, hilo si gari. Umemletea fisi mchuzi kwenye sahani."

Alikwenda kuwaita wenzake waje waone. Walikuja na wake zao.

Mtu wa mjini asingefanya kosa lile, maana mtu wa mjini hana mafuta ya kondoo. Nilirudi Masanze taratibu, nikawaza niseme nimegongwa. Lakini habari ilinitangulia, sijui kwa miguu gani, na nilipofika nilikuta watoto wamesimama njiani wanalia kama fisi.

Sasa nimlete mtani wangu. Mwisho kabisa wa mstari wa nyumba zetu alikaa mzee mmoja wa Kinyamwezi, aliyeletwa na treni zamani kuwa manamba kwenye mkonge, kijana wa nguvu, akakata mkonge, halafu akachukuliwa nyumbani kwa bwana mkubwa kuosha magari na kupiga viatu rangi. Mashamba yalipopata wenyewe wapya, bwana mkubwa akaenda kwao, yeye akabaki. Mke alikwisha kumzika, mtoto hakujaaliwa. Vijiji vilipokuja naye akapangwa mstarini kama sisi. Wanyamwezi na sisi Wasagara ni watani tangu enzi za misafara ya miguu, kwa hiyo alikuwa na ruhusa ya kunitukana, na mimi yeye, na asiyejua angedhani tunagombana.

Alikuja kulitazama bampa jioni ile ile, fimbo mkononi.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Heshima yako nimeipokea. Sasa naweza kutukana?"

"Tukana."

"Babu zako walijipaka mafuta ya kondoo, wakang'aa, fisi akawala. Ndiyo maana mko wachache hivi."

"Na babu zako walibeba pembe za wenyewe mpaka Bagamoyo, wakarudi na vipara."

"Kipara hakiliwi na fisi," akasema. Akapitisha ukucha juu ya plastiki, akautazama ukucha. "Hii haijafa. Ina njaa tu. Lakini wewe umeilisha kama unavyojilisha wewe, kwa ulafi."

Huyu mzee, kila mtu kijijini alijua anachokitaka, kwa sababu alikidai kila Jumatatu mbele ya ofisi ya mwenyekiti. Alitaka barua ya kurudi kwao, mbele ya Tabora, kwa dada yake aliyekuwa hai bado. Siku zile bila barua ya mwenyekiti hukuwa mtu wa mahali popote. Stesheni mgambo anakuuliza umetoka kijiji gani na nani kakuruhusu. Ukifika uendako, mwenyekiti wa huko naye anauliza, na bila muhuri hupewi kiwanja. Mwenyekiti wetu hakukataa. Alisema subiri palizi, subiri mavuno, subiri sensa ya nguvukazi. Kijiji kikipungukiwa watu, kinaonekana kimeshindwa.

Niliwahi kumuuliza kwa nini anahangaika, wakati hapa anapata uji na watu wa kutaniana nao.

"Kwa sababu hiyo hiyo ya watani," alisema. "Nikifia hapa mtanizika ninyi. Nimeona mnavyozika. Mtaiga mwendo wangu mbele ya maiti yangu. Mmoja wenu atalala kaburini agome kutoka mpaka apewe jogoo. Sikatai, ni haki yenu, na mimi nimeshawafanyia wazee wenu. Lakini mtani anachekesha watu wanaolia. Mimi hapa nani atalia? Mtacheka peke yenu mpaka jioni. Nataka nikafie penye mtu wa kulia."

 

Basi mwenyekiti, aliposikia mzee anajua dawa ya plastiki, alikuja mwenyewe mpaka pale gari liliposimama. Alisema mbele yangu, na masikio yangu ni shahidi: "Mzee wangu, ling'arishe hili gari. Mkaguzi akipita likabaki kwetu, barua yako naiandika siku hiyo hiyo, na muhuri juu yake."

"Siku hiyo hiyo," akasema mzee.

"Siku hiyo hiyo."

Tukaanza. Nitaeleza alivyofanya, kwa sababu ndicho kitu pekee nilichofundishwa nikakimaliza.

Kwanza ni kuosha. Si kwa sabuni. Kwa maji ya majivu yaliyochujwa, na brashi ya mkonge aliyoifunga mwenyewe. Tulisugua siku nzima, na yale mafuta ya kondoo yaliyokuwa yamejificha kwenye vinyweleo vya plastiki yakatoka, maji yakawa kama supu. Nilipodhani tumemaliza alimwagia maji safi, akatazama. Maji yakikusanyika matone matone, mafuta bado yamo. Yakitandaa, umefika. Tuliosha mara tatu.

Kona iliyoliwa na fisi aliikata ikawa sawa, akachukua kipande cha tairi kutoka kwa fundi wa viatu vya katambuga, akakichonga kwa kisu na kukisugua kwa kigae cha chupa mpaka kikafanana na kona ya upande wa pili. Tukakitoboa, tukakifunga kwa waya kwa ndani. Siku mbili zilikwisha kwa kona ile.

Halafu moto. Aliazima pasi ya mkaa kwa mke wa mwenyekiti. Nilicheka, nikamwambia gari halina mikunjo. Akanionyesha. Pasi haigusi. Inapita juu ya plastiki, nafasi ya vidole viwili, kama mkono wa mama anayepima homa. Plastiki ikipata joto inatoa jasho lake la ndani, na weusi uliozama unapanda juu. Niliuona kwa macho yangu ukipanda, kijivu kinakimbia mbele ya pasi. Nilitaka kujaribu. Akanipa bawa la gurudumu la nyuma, mahali pasipoonekana, nami nikaishusha pasi mno. Plastiki ikafanya malengelenge.

"Sasa nimeelewa kwa nini mkeo hula ugali ulioungua," akasema. "Ni wewe unayeusonga. Pandisha mkono."

Baada ya moto ndipo mafuta, na mafuta yake yalikuwa nyonyo, mbarika hizi zinazoota zenyewe nyuma ya kila choo. Alizikaanga, akazitwanga, akazichemsha, akaengua. Akayeyushia nta ya nyuki kidogo, tuliyoipata kwa warina asali wa njia ya Mikumi, ili mafuta yagande yasishike vumbi. Na weusi wenyewe ulitokana na masizi ya koroboi. Unaweka sahani ya bati juu ya moshi, unakwangua kwa unyoya wa kuku. Masizi ya chungu hayafai, alisema, yana chembe, yanakwaruza. Nikamwambia mimi masizi ya chungu nimeyasomea.

Alipaka kidogo sana. Kitambaa hakikuwa kimelowa, kilikuwa kimekumbuka tu kwamba kuna mafuta. Akaacha jua lipite. Halafu akaanza kufuta, na kufuta ndiko kulikochukua muda kuliko kazi zote. Alifuta kwa kitambaa cheupe, anageuza upande, anafuta tena, anageuza. Mimi naona linang'aa, namwambia inatosha. Ananionyesha kitambaa: kina weusi.

"Mkaguzi ataliegemea," akasema. "Hakuna mtu anayesimama karibu na gari asiliegemee. Akiondoka na weusi kwenye shati lake, gari limekwenda Magole na barua yangu imekwenda nalo."

Tulifuta mpaka kitambaa kikawa kinatoka kama kilivyoingia. Ukilitazama gari sasa, halikumeta. Lilikuwa jeusi, basi, jeusi la utulivu, kama ng'ombe mwenye afya. Ile kona ya tairi sikuiona mpaka nilipoitafuta kwa mkono.

Jioni hiyo, tukiwa tunanawa, aliniambia jambo. "Mtani, mkaguzi akiuliza nani kafanya, sema ni wewe."

"Kwa nini niseme uongo?"

"Si uongo, umeshika brashi. Sema ni wewe, dereva. Dereva kutunza gari lake haliwi jambo. Mimi nataka niwe mzee tu aliyekaa pale."

Nikasema sawa. Lakini nilisema sawa ya mdomoni.

Mkaguzi alifika siku ya tatu. Alikuwa mtu wa makamo, shati jeupe la mikono mifupi, mpole wa maneno, wala hakuwa kama tulivyomwogopa. Mwenyekiti akampokea, wimbo ukaimbwa, akatazama ghala, akatazama shamba la pamoja, akafika kwenye gari. Akalizunguka mara mbili. Na kweli, kama mzee alivyosema, akageuka kuzungumza na watu na kuliegemea bampa la mbele kwa makalio yake yote. Mwenyekiti akafumba macho. Mkaguzi alipoinuka, suruali yake ilikuwa safi.

"Ndugu mwenyekiti," akasema, "hizi plastiki mpya mmezitoa wapi? Dar es Salaam kwenyewe hazipatikani."

"Si mpya, ndugu. Ni zile zile. Zimetunzwa."

"Zimetunzwa na nani?"

Mwenyekiti akanitazama mimi. Watu wote wakanitazama mimi. Na mimi, nikajiona nimesimama pale na sifa isiyo yangu. Nilimfikiria yule mzee alivyogeuza kile kitambaa cheupe mara sijui ngapi. Nikasema moyoni, mtu huyu maisha yake yote amesugua vitu vya watu na hakuna aliyewahi kutaja kazi yake mbele za watu. Nilikuwa nimejaa shukrani. Nikanyoosha mkono, nikamwonyesha, pale alipokaa kwenye kivuli cha zahanati.

"Ni yule mzee wangu pale," nikasema. "Mimi nilichota maji tu."

Hakusimama mpaka alipoitwa. Mkaguzi alimwamkia kwa heshima, shikamoo kamili, akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Mzee, pale bomani tuna magari yamepauka mpaka tunaona haya kuyatoa. Wewe ni mali. Wiki ijayo utakuja Kilosa, tutakutafutia chumba, utawafundisha na vijana."

"Ahsante, mwanangu. Ila mimi nasafiri."

"Unasafiri kwenda wapi?"

"Kwetu."

Mkaguzi akacheka kwa upendo. "Kwenu ni hapa, mzee. Siku hizi Mtanzania popote ni kwao."

Watu wakapiga makofi. Lilikuwa neno zuri, na nafikiri alilimaanisha. Mzee naye akapiga makofi, mara mbili, kwa adabu.

Gari lilibaki kwetu. Jioni mzee alikwenda ofisini, nami nikamfuata. Mwenyekiti alikuwa amekaa na karatasi mbele yake na kalamu, nadhani alikusudia kuandika.

"Mzee wangu," akasema, "nikiandika barua hii leo, wiki ijayo mkaguzi ananiuliza fundi wake yuko wapi. Nimwambie nini? Kwamba nimempa ruhusa?"

"Ulisema siku hiyo hiyo."

"Nilisema kabla hajakuona."

Nikaingilia. Nikasema nitakwenda mimi bomani, kazi naijua, pasi naiweza. Mwenyekiti akanijibu bila hasira, "Amemwona yeye, bwana. Ni wewe uliyemwonyesha."

Tulitembea mpaka kwake. Mlangoni akasimama.

"Nilikwambia useme nini?"

"Niseme ni mimi."

"Ukaona nini?"

"Nikaona ni wizi, mzee."

"Nimekupa bure, na wewe unakataa kuiba kitu cha bure," akasema. "Wasagara mna matatizo makubwa kuliko nilivyodhani." Akaingia ndani. Ulikuwa utani, kwa hiyo sikuruhusiwa kuukasirikia wala kuuombea radhi, na hilo ndilo lililoniuma.

Naomba nitangulie kidogo hapa, nisije nikasahau. Kazi ile ya bomani niliifanya mimi. Nilikaa Kilosa nikirudisha weusi wa magari ya serikali, halafu ya watu binafsi, halafu mabasi yalipoanza kuja na plastiki nyingi kuliko chuma, yakawa yananingoja kwa foleni. Watoto wangu wanne wamesoma kupita darasa la pili. Nyumba ninamoandikia haya imejengwa kwa nyonyo, nta na masizi ya koroboi, na kila ninapofuta namsikia mtu nyuma ya bega akiniambia geuza upande. Sijawahi kumaliza kazi bila kumwombea. Mtu akinifundisha kitu kimoja mpaka mwisho, wakati dunia nzima ilinifundisha nusu nusu, nitasema nini zaidi ya ahsante? Na ahsante yenyewe nilimwambia vibaya, kwa kidole, mbele ya watu.

Wiki iliyofuata mwenyekiti aliniagiza nimpeleke mzee Kilosa, kwa gari lile lile. Alipanda mbele, amevaa koti, furushi mapajani. Mwenyekiti akamuaga vizuri, akampa na kuku. Mzee akamrudishia mke wa mwenyekiti kuku yule, akasema ni kwa ajili ya pasi.

Njiani tulitaniana kama kawaida. Alinisema ninavyobadilisha gia. Nikamwambia kwao hakuna gia, kuna mabega tu. Kabla hatujaingia mjini, pale reli inapokata barabara, akagonga dashibodi kwa kidole.

"Simama hapa, mtani. Nichimbe dawa."

Nikasimama. Akafungua mlango, akashuka taratibu, akaitoa fimbo yake. Halafu akalichukua na furushi. Mtu hachimbi dawa na furushi. Niliona, na safari hii sikusema kitu wala sikumwonyesha mtu.

"Shikamoo, mzee," nikasema, ingawa tulikwisha kuamkiana asubuhi.

"Marahaba," akasema, bila kugeuka.

Alivuka mtaro. Alipita kichaka cha kwanza, ambacho kingemtosha mtu yeyote mwenye haja, akapita cha pili, akapanda kwenye tuta la reli, akashika upande jua linakozama, hatua zake zikifuata mataruma, moja moja. Nikazima injini. Nilikaa pale mpaka jua likafika utosini. Hakurudi.